Sidney Farber: Tabibu aliyejenga tiba ya saratani ya watoto kwa sarafu za wahisani

ZAIDI ya watoto wanane kati ya kila kumi wanaougua saratani katika nchi tajiri duniani leo hupona. Miaka 80 iliyopita hali ilikuwa kinyume kabisa. Mtoto aliyegundulika kuwa na saratani ya damu, ile iendayo kasi, hakuwa na tiba yoyote. Wazazi wake waliambiwa wajiandae kwa msiba ambao ungewafika baada ya wiki chache, ama miezi michache kwa mwenye bahati.

Miongoni mwa watu waliobadili hali hiyo, jina linalotangulia mengine ni la Dk. Sidney Farber wa Marekani, aliyefariki dunia Machi 30, mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka 69. Wanataaluma humtambua kuwa baba wa kemotherapi ya kisasa, yaani tiba ya saratani kwa njia ya dawa.

Sifa hiyo anaistahili. Hata hivyo, maisha yake yana upande mwingine unaosimuliwa kwa nadra, nao ni upande wa fedha. Dawa aliyoitumia ilihitaji maabara, wauguzi, vitanda na miaka ya subira, na hapakuwa na mfuko wa serikali wala kampuni ya bima iliyokuwa tayari kulipia hayo yote kwa ajili ya watoto ambao kila mtu aliamini watakufa tu. Fedha za kwanza zilitoka kwa watazamaji wa sinema, wapenzi wa michezo na watoto wa shule waliotoa sarafu zao.

Daktari wa chumba cha chini

Farber alizaliwa Septemba 30, mwaka 1903, katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto 14 wa familia ya Kiyahudi. Ilikuwa nyumba iliyothamini elimu kuliko mali. Kaka yake, Marvin, alikuja kuwa mwanafalsafa mwenye jina nchini humo.

Alihitimu Chuo Kikuu cha Buffalo mwaka 1923. Wakati huo vyuo vingi vya udaktari vya Marekani viliwabana wanafunzi wa Kiyahudi kwa kuweka ukomo wa idadi yao, hivyo kijana huyo akavuka bahari na kuanza masomo ya tiba nchini Ujerumani, katika miji ya Heidelberg na Freiburg. Baada ya kufanya vizuri huko, alipokewa katika Chuo cha Udaktari cha Harvard mjini Boston, akahitimu mwaka 1927. Mwaka uliofuata alimuoa Norma Holzman, aliyekuja kujulikana kwa mashairi na vitabu vyake vya watoto. Walijaliwa watoto wanne.

Mwaka 1929 Farber aliajiriwa katika Hospitali ya Watoto ya Boston, akiwa daktari wa kwanza wa patholojia kufanya kazi hapo kwa muda wote. Patholojia ni taaluma ya kuchunguza maradhi kwa kuangalia sampuli za mwili kwenye hadubini na kupasua maiti ili kujua kilichoua. Kwa lugha nyepesi, alikuwa daktari ambaye wagonjwa wengi walimfikia wakiwa wamekwisha kukata roho.

Kazi hiyo aliifanya kwa karibu miaka 20 katika maabara iliyokuwa chini ya jengo la hospitali. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye suti wakati wote na mwenye maneno machache. Umahiri wake uliheshimiwa, na kitabu chake kuhusu namna ya kuchunguza maiti kilichapishwa mwaka 1937. Lakini kila wiki alizidi kushuhudia jambo lile lile: watoto wa saratani ya damu waliletwa wodini, wakaongezewa damu, wakapungua siku hadi siku, kisha wakashushwa chini kwake. Alijua kwa kina jinsi ugonjwa ule ulivyouvamia uboho wa mifupa, ini na bandama. Alichokosa ni namna ya kuuzuia.

Alipofikisha umri wa miaka 40 na ushei, wakati ambao wenzake wengi walikuwa wanatulia katika vyeo vyao, aliamua kupanda ngazi na kuwaendea watoto waliokuwa bado hai.

Kosa lililozaa dawa

Hatua yake ya kwanza haikufanikiwa. Katika miaka ya 1930 tabibu Mwingereza, Lucy Wills, aliyekuwa akiwahudumia wanawake wajawazito nchini India, alibaini kuwa kirutubisho fulani kinachopatikana katika hamira kiliponya aina moja ya upungufu wa damu. Kirutubisho hicho baadaye kilifahamika kuwa ni asidi ya foliki, ambayo wajawazito hupewa kliniki hadi leo. Farber alidhani kwamba, kama asidi hiyo huusaidia mwili kutengeneza damu nzuri, huenda ingerekebisha damu iliyoharibika.

Watoto waliopewa walionyesha dalili za ugonjwa kuongeza kasi. Kwa mtafiti mwingine huo ungekuwa mwisho wa safari. Farber aliutazama mkasa huo kwa jicho la mtu aliyezoea kutafuta sababu: ikiwa saratani inastawi kwa kulishwa asidi ya foliki, basi huenda ingedhoofu kwa kunyimwa chakula hicho.

Aliyewezesha wazo hilo kujaribiwa alikuwa Yellapragada Subbarow, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyekuwa akiongoza utafiti katika maabara za kampuni ya Lederle. Yeye na wenzake walikuwa wametengeneza kemikali zinazofanana mno na asidi ya foliki, kiasi cha kuihadaa chembe ya mwili izipokee, lakini zikishaingia huzuia kazi yote. Mojawapo iliitwa Aminopterin.

Mwishoni mwa Desemba mwaka 1947, Farber alianza kumpa dawa hiyo mtoto wa kiume ambaye hali yake ilikuwa mbaya. Idadi ya chembe nyeupe za damu, iliyokuwa ikipanda bila breki, ilisimama, kisha ikaanza kushuka. Mtoto aliyekuwa hawezi kutembea akainuka, akala, akacheza. Hapana daktari yeyote wa wakati huo aliyewahi kuona saratani ya damu ikirudi nyuma namna ile.

Juni mwaka 1948, Farber na wasaidizi wake walichapisha matokeo katika jarida la udaktari la New England. Kati ya watoto 16 waliopewa dawa hiyo, 10 walipata nafuu iliyoonekana wazi. Kwa uaminifu wa kitaaluma, kichwa cha ripoti yenyewe kilieleza kuwa nafuu hizo zilikuwa za muda. Ugonjwa ulirudi baada ya miezi michache, na mtoto yule wa kwanza alifariki dunia mwaka huo huo.

Mapokezi hayakuwa mazuri. Madaktari wengi, wakiwamo baadhi ya wenzake, waliona kuwa kumpa mtoto anayekufa dawa kali ni kumwongezea mateso bila sababu, na kwamba ubinadamu ulitaka aachwe aondoke kwa amani. Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa, kwani dawa zile zilichubua vinywa vya watoto na kuwadhoofisha. Farber aliamini kuwa nafuu ya miezi mitatu leo inaweza kuwa ya mwaka kesho, na siku moja ikawa ya kudumu, ili mradi kazi isikatike.

Ili kazi isikatike, ilihitajika fedha.

Mtoto aliyepewa jina la Jimmy

Zilipatikana mahali ambapo msomi wa Harvard hangetarajiwa kupiga hodi. Nchini Marekani kulikuwa na umoja wa watu wa biashara ya sinema na maonyesho ulioitwa Klabu ya Variety. Sifa ya umoja huo ilianzia mjini Pittsburgh mkesha wa Krismasi mwaka 1928, pale mtoto mchanga alipokutwa ametelekezwa ndani ya jumba la sinema, na wanachama wakaamua kumlea kwa pamoja. Kutokana na tukio hilo, kuwasaidia watoto kukawa ndiyo kazi ya klabu hiyo.

Tawi la klabu hiyo katika eneo la New England, ambalo Boston ni mji wake mkubwa, lilikuwa likitafuta jambo la kulifadhili. Mwaka 1947 lilishirikiana na Farber kuanzisha mfuko wa utafiti wa saratani ya watoto. Watu wa sinema walikuja na ujuzi ambao tabibu hakuwa nao: walijua kwamba watu hawatoi fedha kwa ajili ya ugonjwa wenye jina gumu. Watu hutoa kwa ajili ya mtu.

Wakamwomba Farber awatafutie mtoto. Alimchagua mgonjwa wake mwenye umri wa miaka 12, Einar Gustafson, mtoto wa wakulima kutoka jimbo la Maine, aliyekuwa na saratani ya tezi iliyoshambulia matumbo. Ili kulinda siri ya familia yake, walimwita Jimmy.

Usiku wa Mei 22, mwaka 1948, kipindi mashuhuri cha redio kilichokuwa kikirushwa nchi nzima kutoka California kiliunganishwa moja kwa moja na kitanda cha mtoto huyo. Mtangazaji Ralph Edwards alimuuliza kuhusu timu ya besiboli aliyoipenda, Boston Braves, na wachezaji gani aliwahusudu. Kila alipotaja jina, mchezaji mwenyewe aliingia wodini akiwa na zawadi mkononi. Wasikilizaji hawakuelezwa jina lake la kweli wala hawakuona sura yake. Walisikia tu sauti ya mtoto ikishindwa kuficha furaha, kisha wakaimba naye wimbo wa mashabiki wa mchezo huo.

Baada ya hapo wakaombwa wachange. Lengo lilikuwa Dola 20,000 za Marekani, na wakilifikia, Jimmy angenunuliwa televisheni ili aitazame timu yake akiwa kitandani. Televisheni wakati huo ilikuwa kitu kigeni hata Marekani.

Zilipatikana zaidi ya Dola 231,000. Barua zilimiminika zikiwa na noti na sarafu, nyingine zikiandikwa juu ya bahasha Jimmy, Boston, bila anwani zaidi, na watu wa posta wakajua pa kuzipeleka. Mtoto akapata televisheni yake, na Farber akapata mfuko ambao hadi leo unaitwa Mfuko wa Jimmy.

Kuanzia mwaka 1949 michango ikawa inakusanywa katika majumba ya sinema ya eneo hilo, ambako makopo yalipitishwa miongoni mwa watazamaji. Timu ya Braves ilipohamia mji wa Milwaukee mwaka 1953, wapinzani wao wa jadi mjini humo, Boston Red Sox, waliurithi mfuko huo kama mtu anavyorithi mtoto wa jirani. Mchezaji wao nyota, Ted Williams, aliwatembelea watoto wodini kwa miaka mingi na mara nyingi hakutaka waandishi wa habari wajue.

Haba na haba hujaza kibaba, na katika habari hii methali hiyo ina hesabu zake. Wengi wa waliotoa hawakuwa matajiri. Kilichojaza kibaba ni wingi wao, na kile walichokijaza kilijengwa kwa matofali.

Fedha zilinunua nini

Januari mwaka 1952 lilifunguliwa jengo la Mfuko wa Jimmy, karibu na Hospitali ya Watoto. Humo Farber aliweka utaratibu ambao wakati ule ulikuwa mgeni. Mtoto mwenye saratani hakuzungushwa tena kutoka idara moja hadi nyingine. Madaktari, wauguzi, wataalamu wa lishe, watafiti na maofisa wa ustawi wa jamii walikuwa chini ya paa moja, na mgonjwa aliyetibiwa hakuwa mtoto peke yake bali na mama yake, baba yake na ndugu zake. Farber aliuita utaratibu huo huduma kamili. Alisisitiza pia kuwa uwezo wa familia kulipa usiwe kipimo cha kumpokea mtoto.

Hapa ndipo thamani halisi ya fedha za hisani ilipoonekana. Serikali ingeuliza kwa nini itumie fedha kwa ugonjwa usio na tiba, na mwekezaji angeuliza faida itarudi lini. Mtu aliyetumbukiza sarafu katika kopo kwenye jumba la sinema hakuuliza lolote kati ya hayo. Alitaka mtoto asaidiwe. Kwa sababu hiyo, Farber aliweza kuendelea katika miaka ambayo wagonjwa wake wengi walikuwa bado wanakufa, na bila miaka hiyo hakuna ambacho kingegunduliwa.

Mwaka 1955 kundi lake lilianza kutumia dawa nyingine, actinomycin D, iliyotokana na vijidudu vya udongoni na iliyopatikana kupitia mtafiti Selman Waksman. Dawa hiyo, ikitumika pamoja na mionzi, iliweza kuondoa uvimbe wa Wilms, ambao ni saratani ya figo ya watoto, hata pale ulipokuwa umesambaa mapafuni. Safari hii nafuu haikuwa ya miezi michache tu: wapo watoto waliopona.

Saratani ya damu ilichukua muda mrefu zaidi. Aminopterin ilipisha ndugu yake mwenye sumu pungufu, methotrexate, ambayo bado inatumika hospitalini. Katika miaka ya 1960 watafiti wa sehemu mbalimbali za Marekani walianza kuchanganya dawa kadhaa kwa pamoja, na ndipo watoto walipoanza kupona wakabaki wamepona. Mwaka 1966 Farber alitunukiwa tuzo ya Lasker, moja ya heshima kubwa kabisa katika utabibu nchini mwake.

Kopo halikutosha

Tabibu huyo angeweza kubaki mjini Boston akihesabu makopo. Hakufanya hivyo, kwani alitambua mapema kuliko wengi kwamba hisani ina ukomo. Mfuko wa Jimmy uliweza kujenga jengo moja katika mji mmoja. Haukuweza kulipia majaribio ya dawa katika nchi nzima, wala kufundisha madaktari wa majimbo hamsini.

Alikutana na Mary Lasker, mwanamke tajiri wa New York ambaye, akishirikiana na mumewe aliyekuwa gwiji wa matangazo ya biashara, alikuwa ameibadili Jumuiya ya Saratani ya Marekani kutoka kikundi kidogo cha madaktari na kuwa chombo chenye nguvu ya kuchangisha mamilioni. Wawili hao walifanya kazi pamoja kwa karibu miongo miwili. Lasker aliwajua wanasiasa. Farber aliijua saratani, na alikuwa na kipaji cha kuwaeleza wabunge mambo magumu kwa utulivu uliowafanya wasikilize. Mwaka hadi mwaka alikwenda Washington kutoa ushahidi mbele ya kamati za Bunge, na bajeti ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ikawa inapanda.

Desemba mwaka 1969 wanaharakati wa kundi la Lasker walilipia tangazo la ukurasa mzima katika magazeti makubwa wakimtaka Rais Richard Nixon atangaze vita dhidi ya saratani, na jina la Farber lilitumika humo. Desemba 23, mwaka 1971, Nixon alitia saini Sheria ya Taifa ya Saratani, iliyofungua hazina ya serikali kwa utafiti wa ugonjwa huo kwa kiwango ambacho hakijawahi kuonekana.

Wapo waliomlaumu, na lawama hizo zina uzito hadi leo. Walisema aliwapa wananchi matumaini kupita kiasi, kana kwamba fedha zikiwa nyingi tiba haitakawia. Vita hiyo haikumalizika upesi kama matangazo yalivyodokeza, na saratani nyingi za watu wazima ziliendelea kuua. Lakini kwa upande wa watoto, matumaini ya Farber yalitimia kwa kiasi kikubwa. Saratani ya damu iliyoua karibu kila mtoto mwaka 1947 leo huponywa kwa takriban asilimia 90 katika nchi zenye uwezo.

Sarafu za Boston na watoto wa Afrika Mashariki

Habari za Farber zingeweza kuonekana kuwa za mbali kama dawa zake zisingevuka bahari na kufika Kampala na Nairobi.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Uchunguzi wake ulidhihirisha aina ya saratani ya tezi inayowapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Kisu hakikuweza kuiondoa, na Uganda haikuwa na mashine za mionzi. Kilichobaki ni dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Burkitt mjini Kampala na daktari mwenzake, Peter Clifford, mjini Nairobi, walijaribu dawa kadhaa, ikiwamo methotrexate, ndugu wa dawa ile ya Farber. Baadhi ya watoto waliopewa dozi chache tu walipona kabisa, matokeo yaliyowashangaza wataalamu wa Ulaya na Marekani.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu saratani hiyo kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa Uganda na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, chombo kile kile ambacho Farber alikuwa akikitetea bajeti yake bungeni. Kituo hicho ndicho kilichozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kazi iliyofanyika hapo ilichangia Burkitt na mtafiti John Ziegler kuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker mwaka 1972.

Mwaka huo huo, machafuko ya utawala wa Idi Amin yaliwalazimisha Wamarekani kuondoka. Daktari Mganda, Charles Olweny, aliichukua taasisi hiyo na kuiendesha kwa ujasiri, lakini msaada uliokuwa ukitoka nje ulikauka na miaka ya dhiki ikafuata. Wodi iliyoifundisha dunia namna ya kuchanganya dawa ikawa inahangaika kupata dawa hizo hizo. Hayo ndiyo matokeo ya huduma inayosimama juu ya mguu mmoja, tena mguu wa mtu mwingine.

Uhusiano huo haukuishia hapo. Taasisi ya Farber mjini Boston, ambayo mwaka 1974 ilipewa jina lake na tangu mwaka 1983 inaitwa Dana-Farber baada ya kufadhiliwa na mfuko wa hisani wa Charles Dana, ilishirikiana na Wizara ya Afya ya Rwanda na asasi ya Partners In Health kufungua kituo cha saratani huko Butaro, kaskazini mwa Rwanda, mwezi Julai mwaka 2012. Miongoni mwa wachangiaji ulikuwamo mfuko wa watoto wa Jeff Gordon, dereva maarufu wa mbio za magari. Kwa mara nyingine, fedha za mashabiki wa michezo ziligeuka dawa katika mshipa wa mtoto, safari hii katika milima ya Burera.

Nchini Tanzania, watoto wenye saratani wanaotibiwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili nao wamenufaika na ushirikiano wa hospitali hiyo na asasi ya Tumaini la Maisha, unaowezesha matibabu kutolewa bila familia kudaiwa. Anayefahamu bei ya dozi moja ya dawa za saratani, nauli ya kutoka mkoani na gharama ya mama kukaa mjini kwa miezi kadhaa, anaelewa maana ya neno bure katika wodi hiyo.

Deni lililobaki

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi nyingi maskini wanaopona hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilijiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wote wenye saratani duniani wawe wanapona. Dawa nyingi zinazohitajika si mpya, na baadhi yake zina umri mkubwa kuliko wazazi wa watoto wanaozisubiri. Kinachokosekana ni kugundua ugonjwa mapema, dawa kuwapo siku zote na familia kuweza kumaliza matibabu bila kuuza shamba.

Ni hapo maisha ya Farber yanapogusa ya kwetu. Wapo wanaoamini kwamba wafadhili wakiwapo serikali inaweza kupumua. Wapo pia wanaodharau makopo ya mchango kwa hoja kuwa afya ni wajibu wa dola. Farber aliyapitia yote mawili na hakukubaliana na upande wowote. Aliomba sarafu bila aibu kwa sababu zilifika haraka na zilikubali kuanza na jambo ambalo halijathibitika. Kisha akazitumia kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana, na akiwa na ushahidi mkononi akaenda kuidai serikali iliendeleze. Hisani ilimpa mwanzo, na mwanzo huo aliugeuza kuwa deni la taifa zima.

Alikutwa na mauti kazini, ofisini kwake mjini Boston, kwa mshtuko wa moyo, takriban miezi 15 baada ya sheria aliyoipigania kutiwa saini.

Kuhusu Jimmy, watu wengi waliamini kuwa alikufa zamani, kwa kuwa watoto wa miaka ile hawakuwa wakiishi. Mwaka 1998, mfuko wenye jina lake ulipotimiza miaka 50, ilifahamika hadharani kwamba Einar Gustafson yu hai. Alikuwa dereva wa lori katika jimbo la Maine, mtu mzima mwenye familia na wajukuu. Katika muda wote huo alikuwa akiyaona makopo yenye jina lake bila kujitambulisha kwa umma. Alifariki dunia Januari mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 65.